Jeshi Lako la Kwanza la Mezani

Na mwanachama, Kidato cha Nne

Katika ukurasa huu nataka kukueleza jinsi ya kuunda jeshi. Usishtuke, wala usikimbie kumwita mwalimu wa zamu! Askari wa jeshi hili hawazidi urefu wa kidole gumba, uwanja wao wa vita ni meza, na damu pekee inayoweza kumwagika ni ya yule aliyejikata kwa wembe akiwatengeneza.

MCHEZO WENYEWE NI UPI?

Vita vya mezani ni ndugu wa bao na drafti. Wachezaji ni wawili, kila mmoja ana watu wake, na kila mmoja anasubiri zamu yake. Tofauti ni kwamba hapa hakuna mashimo wala miraba. Mwendo wa askari hupimwa kwa rula, na mapambano huamuliwa kwa dadu. Kwa hiyo akili inahitajika, lakini na bahati nayo ina kiti chake, kama ilivyo katika vita vyenyewe.

Mchezo huu si wa jana. Maofisa wa jeshi la Prussia walikuwa wakijifunzia mchezo wa aina hii katika miaka ya 1820. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu cha kanuni kiitwacho Little Wars, ambamo askari wa kuchezea waliangushwa kwa vijizinga vya kufyatua. Siku hizi kuna kanuni za vita vya kale, za enzi ya Napoleon, za Vita Vikuu vya Pili, na hata za ulimwengu wa kubuni kama Warhammer, mchezo uliotoka Uingereza mwaka 1983.

AIBU YANGU

Mjomba wangu anafanya kazi Uingereza. Mwaka nilioingia Kidato cha Kwanza alikuja likizo akaniletea maboksi manne ya askari wa plastiki, Warumi na watu wa Carthage. Walikuwa zaidi ya 150. Wee! Furaha niliyokuwa nayo haina mfano. Nikafungua maboksi yote siku hiyo hiyo. Nilitaka jeshi la kujaza meza nzima ya kulia chakula.

Nikaanza kuwapaka wote ngozi, kisha wote nguo nyekundu. Kufikia askari wa sitini mkono uliniuma, na wale wa kwanza rangi ilikuwa imeanza kubambuka kama ngozi ya nyoka. Nikawatia katika katoni, katoni nikaisukuma chini ya kitanda, shule ikafunguliwa.

Mwaka uliofuata mjomba akarudi. Baada ya chai akaniuliza, "Haya, mpwa wangu, jeshi liko wapi?" Nikameza mate. Nikaenda kuileta ile katoni, vumbi tele. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mimi sikukuletea askari. Nilikuletea mchezo. Umecheza mara ngapi?"

Msomaji, sikuwa nimecheza hata mara moja. Likizo hiyo tulianza upya pamoja, na haya ndiyo niliyojifunza.

KWANZA, KANUNI KABLA YA ASKARI

Usinunue wala usichore askari hata mmoja kabla ya kujua utacheza kwa kanuni zipi, kwa maana kanuni ndizo zinazokwambia unahitaji watu wangapi. Kwa anayeanza, mimi napendekeza kijitabu kiitwacho De Bellis Antiquitatis, yaani "Kuhusu Vita vya Kale". Kiliandikwa na Phil Barker wa Uingereza pamoja na wenzake, kikatoka mara ya kwanza mwaka 1990. Uzuri wake ni huu: kila jeshi, liwe la mfalme gani, lina vikosi 12 tu. Hakuna cha kumi na tatu.

Chukua jeshi la Roma la wakati wa Hannibal. Kuna vikosi 2 vya wapanda farasi, na jemadari yumo katika kimojawapo. Kuna vikosi 6 vya wenye panga, 2 vya wazee wenye mikuki mirefu, na 2 vya vijana wepesi wa kurusha mikuki. Kikosi cha farasi kina watu 3, cha panga na cha mikuki mirefu watu 4, cha vijana wepesi watu 2. Piga hesabu: ni askari 42. Mimi nilikuwa na zaidi ya 150 na sikuwa na jeshi. Kumbe 42 walitosha!

PILI, TENGENEZA MAJESHI MAWILI

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Unaunda jeshi lako zuri, halafu unamtafuta mpinzani kijiji kizima humpati, kwa sababu hakuna mwingine mwenye jeshi. Askari wanabaki mapambo ya kabati. Kidole kimoja hakivunji chawa. Basi tengeneza jeshi lako na la adui yake, la Roma na la Carthage. Vikosi 24 kwa jumla. Hapo yeyote anayebisha hodi ni mpinzani wako, awe dada yako au jirani.

TATU, ANZA NA KARATASI

Kama huna mjomba ughaibuni, usilie. Karatasi ya manila inatosha. Kata ukanda wenye upana wa milimita 40, uukunje katikati. Upande mmoja chora askari wanne wenye urefu wa sentimita moja na nusu, upande wa pili chora migongo yao. Usimamishe kwa gundi juu ya kipande cha kadibodi ngumu. Upana wa kipande ni milimita 40 kwa kila kikosi. Urefu wake kwenda nyuma ni milimita 15 kwa wenye panga na mikuki mirefu, 20 kwa vijana wepesi, 30 kwa farasi na 40 kwa tembo. Kikosi cha tembo ni tembo mmoja tu.

Uwanja ni futi 2 kwa futi 2. Vilima na misitu vikate kutoka kwenye katoni. Mimi na binamu yangu tulimaliza majeshi yote mawili kwa siku mbili.

NNE, MALIZA KIKOSI KIMOJA KIMOJA

Ukiwa na askari wa plastiki, waoshe kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha wakauke kabisa. Kiwandani hubakiwa na mafuta mafuta ya kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta. Hilo ndilo lililoniponza. Halafu wapake rangi nyepesi ya kutangulia, moja tu, ndipo ufuate na nyingine.

Chukua askari wanne wa kikosi kimoja. Wapake, wagundishe, nyunyiza mchanga kidogo miguuni, kiweke kikosi mezani. Ndipo uchukue kingine. Rangi tatu nne zinatosha, kwani mchezaji humwona askari akiwa amesimama, si kwa darubini. Haba na haba hujaza kibaba. Kikosi kimoja kilichokamilika kinakutia moyo, lakini askari 150 wenye suruali na wasio na nyuso wanakuvunja moyo.

TANO, CHEZA KABLA YA KUONGEZA

Kila zamu unarusha dadu moja. Ukipata 3, una amri tatu. Kikosi kilicho peke yake kinakula amri moja, lakini vikosi vilivyoshikamana katika mstari vinakwenda pamoja kwa amri moja. Kwa hiyo jeshi lililotawanyika ni jeshi lisilosikia.

Vikosi vikigusana, kila mchezaji anarusha dadu na kuongeza nguvu ya kikosi chake. Mwenye panga akipigana na askari wa miguu ana 5, mwenye mkuki mrefu ana 4. Tuseme wa panga amepata 4, jumla 9, na wa mkuki amepata 2, jumla 6. Wa mkuki anarudi nyuma. Lakini wa panga akipata 6, jumla 11, na mwenzake akipata 1, jumla 5, basi amezidiwa zaidi ya mara mbili na kikosi chake kinatolewa mezani. Anayetangulia kupoteza vikosi 4, au jemadari wake, huku akiwa amepoteza vingi kuliko mwenzake, ameshindwa. Mchezo huisha kwa muda wa saa moja hivi.

Mara ya kwanza nilishindwa vibaya, na papo hapo nikaanza kulalamika kwamba nahitaji tembo zaidi. Mjomba akacheka, akanisimulia habari za Zama. Mwaka 202 kabla ya Kristo, Hannibal alipambana huko na Scipio wa Roma akiwa na tembo wapatao 80. Scipio aliacha njia wazi katikati ya vikosi vyake. Tembo wengi wakapita humo bila madhara, na wengine wakageuka wakawavuruga wapanda farasi wa Hannibal mwenyewe. Mwishowe farasi wa Roma na wa Masinissa, mfalme wa Numidia, wakawapiga watu wa Carthage kutoka nyuma. Tembo themanini, na bado alishindwa!

Nikanyamaza. Nikarusha dadu tena. Kwa hiyo nakushauri: cheza angalau mara tano na vikosi vyako 12 kabla ya kutamani cha kumi na tatu. Kabla ya hapo hujui unachokosa, unajua tu unachotamani.

TAMATI

Leo ile katoni bado ina askari wasiopakwa rangi, nami sina haraka nao. Vikosi 24 vimekamilika na vimepigana mpaka kadibodi zimechakaa pembeni. Mara ya mwisho mjomba alipokuja hakuuliza jeshi liko wapi. Alivuta kiti akasema, "Mimi nachukua Roma." Nilimshinda kwa vikosi vinne kwa vitatu, nikiwa na tembo mmoja.

Kwa hayo machache naweka kalamu chini. Manila ipo, gundi ipo, rula unayo mkobani. Mwenye kutaka kujaribu anitafute Jumamosi alasiri. Majeshi yote mawili ninayo, yeye aje na dadu tu.