Chembe za Insulini: Kwa Nini Mwili Huzikataa?

Suali hili naulizwa mara nyingi: ikiwa figo hupandikizwa, kwa nini mtoto mwenye maradhi ya sukari asitiwe chembe za kutoa insulini, akapumzika na sindano? Mimi ni karani mstaafu, si daktari, lakini jambo hili nimelisoma, na nitalieleza kwa lugha ya kazi yangu.

Katika kisukari cha aina ya kwanza, askari wa kinga ya mwili huziua chembe za kongosho zinazotoa insulini. Kwa hiyo chembe zinazopandikizwa zina maadui wawili: askari wanaomkataa kila mgeni, na wale wale waliokwisha kuziua za mwanzo.

Kupandikiza kwenyewe kunawezekana. Mwaka 2000, madaktari wa Edmonton, Kanada, walieleza habari za wagonjwa 7 waliotiwa kwenye ini chembe za watu waliofariki. Wote waliacha sindano. Lakini ilibidi wameze dawa za kuwalegeza askari, bila kukoma. Askari wakilegea, maradhi mengine hupata njia, na baadhi ya dawa hizo hudhuru figo. Kwa mtoto, hiyo ni bei kubwa mno. Tena baada ya miaka michache, wengi waliopata tiba hiyo walirudia insulini.

Sasa watafiti wanajaribu kuibadili chembe badala ya askari. Kila chembe hubeba alama, mfano wa kitambulisho. Ikionekana ya kigeni, hukamatwa. Wataalamu huiondoa alama hiyo. Lakini wapo askari wengine wanaomkamata asiye na kitambulisho kabisa. Basi chembe huzidishiwa protini iitwayo CD47, kama cheti cha kusema "mwacheni apite".

Huko Uppsala, Sweden, mgonjwa mmoja alitiwa chembe za namna hiyo kwenye msuli wa mkono, bila dawa za kulegeza kinga. Taarifa ya 2025 ilieleza kuwa baada ya wiki 12 zilikuwa hai, zinatoa insulini. Kwa kuwa alitiwa chache, sindano aliendelea nazo.

Ni habari njema, lakini mgonjwa mmoja si tiba. Akikujia mtu anayeuza "chembe za kuponya sukari", kabla hujauza kiwanja muulize: askari mtawafanya nini? Asipokuwa na jibu, shika fedha zako. Na mtoto asiache insulini hata siku moja.