Kabla ya Kununua Mashine ya Kuchomelea, Hesabu Saa Zako za Kazi

Fundi wa vyuma wa Gerezani, Kariakoo au Jangwani anajua vema bei ya mabomba ya chuma, rodi za kuchomelea na diski za kukatia. Ambalo wengi hawalijui ni gharama ya mashine kwa kila saa inapofanya kazi. Gharama hiyo isipoingizwa katika bei ya geti au dirisha, mtaji huliwa kidogo kidogo. Siku mashine inapoungua, hakuna akiba ya kununua nyingine, na fundi hulazimika kukopa ili arudi kazini.

Makala haya yanaeleza namna ya kuifanya hesabu hiyo kabla ya kutoa fedha.

Transfoma au inveta?

Mashine ya kuchomelea ya transfoma ni nzito, imara na hutengenezeka kwa urahisi, lakini sehemu kubwa ya umeme wake hupotea kama joto. Mashine ya inveta ni nyepesi na hutumia umeme kwa uangalifu zaidi, ila vifaa vyake vya kielektroniki huharibiwa upesi na maji na vumbi la chuma.

Tuchukue mfano. Kuchomelea kwa ampea 100 huhitaji takribani kilowati 2.4 penye moto wenyewe. Transfoma yenye ufanisi wa asilimia 60 itavuta kilowati 4 ili kuzitoa. Inveta yenye ufanisi wa asilimia 80 itavuta kilowati 3. Tofauti ni uniti moja kwa kila saa ambayo moto unawaka.

Katika bei za umeme zilizopitishwa mwaka 2016, uniti moja ya kundi la T1, yaani matumizi ya kawaida ikiwa ni pamoja na biashara ndogo, ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo. Fundi anayechomelea saa 3 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ana saa 78. Inveta itamwokolea shilingi 22,776 kila mwezi. Ikiwa ameinunua kwa shilingi 300,000 zaidi ya transfoma, nyongeza hiyo itarudi katika mwezi wa 14.

Mwenzake anayechomelea saa moja tu kwa siku ataokoa shilingi 7,592 kwa mwezi, na nyongeza ile ile itamchukua miezi 40. Mashine ikidumu miaka mitatu tu, itakufa kabla fedha haijarudi. Kwa hiyo mashine iliyomfaa jirani si lazima ikufae wewe. Andika saa zako za kazi kwa mwezi mmoja, kisha uamue.

Weka mashine katika bei ya kazi

Inveta ya shilingi 600,000 inayotarajiwa kudumu miezi 36 inahitaji akiba ya shilingi 16,667 kila mwezi. Kwa saa 78, hiyo ni shilingi 214 kwa saa. Ongeza umeme wa uniti 3, shilingi 876. Jumla ni shilingi 1,090 kwa saa, bila kodi wala matengenezo. Geti linalohitaji saa 6 za kuchomelea limebeba shilingi 6,540 za mashine na umeme. Mteja asipozilipa, unazilipa wewe.

Usitumie Luku ya nyumba

Katika bei hizo hizo, kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti 75 za mwanzo katika mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi. Ikiwa wakazi wa nyumba wanamaliza uniti 75 wao wenyewe, kila uniti ya karakana itagharimu shilingi 350, yaani 58 zaidi ya T1. Aidha, wastani wa matumizi ukizidi uniti 75, nyumba nzima yaweza kuhamishiwa T1, na wapangaji wakapoteza nafuu yao. Omba mita ya karakana peke yake.

Kabla ya kulipa

1. Soma kibao cha mashine. Hakikisha kama inahitaji umeme wa njia moja au njia tatu, na inavuta ampea ngapi. Mashine ya kukereza ya njia tatu haina faida mahali penye njia moja.
2. Iwashe na uchomelee nayo dukani.
3. Dai risiti ya mashine ya EFD na dhamana ya maandishi inayotaja muda wake.
4. Tumia fundi umeme mwenye leseni kuweka nyaya na waya wa ardhini.
5. Andaa meza au jukwaa la kuinulia mashine. Bonde la Mto Msimbazi hufurika, na mafuriko ya Desemba 2011 yanakumbukwa na wengi.
6. Kabla ya kukopa, linganisha rejesho la mwezi na kipato cha mwezi wenye kazi chache. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, hutoa mafunzo na ushauri kwa wenye viwanda vidogo.

Ukiwa na lalamiko

Lalamiko kuhusu mita, bei au ubora wa umeme lifikishwe kwanza TANESCO kwa maandishi, nawe ubaki na nakala. Usiporidhika na majibu, una haki ya kulileta EWURA. Hifadhi risiti zote za Luku: ndizo ushahidi wako, na ndizo daftari lako la gharama.