Karatasi ziliungua, wazee wakasimulia

Ukimsaka babu wa babu yako nchini Ireland, utagonga mwamba mapema. Juni 30, 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe viliteketeza hifadhi ya kumbukumbu jijini Dublin. Sensa za 1821 hadi 1851, karibu zote, zikawa majivu.

Basi wanaotafuta ukoo husaidiana: huyu ana kitabu cha ubatizo, yule picha ya kaburi, mwingine anakijua kijiji chenyewe. Hazina nyingine ilitoka kwa watoto. Kati ya 1937 na 1939, wanafunzi wa shule za msingi waliwahoji wazee na kuandika simulizi zao daftarini. Leo zinasomwa bure mtandaoni.

Na wewe je, shosho yako umemuuliza nini? Simu unayo. Mrekodi angali anakumbuka.