Samaki wa Rukwa na Mnyoo wa Ini

Mpishi wa Sumbawanga ampasuaye perege wa Ziwa Rukwa, akakuta penye matamvua vifuko vidogo vya manjano, na akikitumbua kimoja kwa ncha ya kisu akaona kijinyoo kikijinyonganyonga, aghalabu humtupia paka samaki yule na kuapa ya kwamba hatamnunua tena; wala simlaumu. Lakini insafu yataka isemwe kwamba mdudu yule, aitwaye na wataalamu Clinostomum, ni wa koikoi: hukomalia kinywani na kooni mwa ndege huyo, mayai yake huanguka majini, watoto wake hupitia katika konokono, kisha humwingia samaki na kungoja humo hadi samaki amezwe na ndege mwingine. Ini la mwanadamu si makazi yake, na wale wachache waliopatwa naye, kama huko Japani na Korea, walikula samaki asiyepikwa, naye akawanasa kooni.

Yuko, ni kweli, mnyoo wa samaki akaaye katika mirija ya nyongo ya binadamu, ila kwao ni Mashariki ya mbali: Opisthorchis viverrini yuko Thailand na Laos, na nduguye Clonorchis sinensis yuko Uchina na Korea. Upande wa Khon Kaen, huko Thailand, ambako samaki wadogo wa mitoni na wa majaruba hukatwakatwa wakatiwa ndimu na pilipili na kuliwa vivyo hivyo bila kuonja moto, mnyoo huyo hudumu mwilini miaka mingi na yamkini akazaa saratani ya mirija ya nyongo, hata mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani likamtia katika daraja la kwanza la visababishi vya maradhi hayo. Mfipa, awe na samaki mbichi, mkavu au wa kubanikwa, sharti amchemshe kwanza ndipo amtowelee ugali wake wa ulezi. Basi hata mgeni yule angalifika Rukwa, angalikomea chunguni.

Mnyoo wa ini wa Ufipa ni mwingine kabisa, wala hana haja na samaki. Nenda machinjioni alfajiri, mkaguzi wa nyama anapolilaza ini la ng'ombe mezani na kulichanja: mirija ya nyongo imenenepa na kukakamaa, pengine kisu husikika kikikwaruza, na katika uowevu wa kahawia hutoka minyoo bapa mithili ya majani, wengine wakifikia urefu wa sentimita 7. Huyo ndiye Fasciola gigantica. Ini hutupwa, na mwenye ng'ombe, ambaye alikwisha kulihesabu katika faida, huondoka amenuna.

Uwanda wa Ufipa, ulioinuka baina ya Ziwa Tanganyika na bonde la Rukwa, una mabonde mengi yenye majimaji, na kiangazi, vilima vikikauka, mifugo yote huteremshwa huko kwenye majani mabichi. Ng'ombe mgonjwa hunya kando ya maji. Yai la mnyoo lililomo kinyesini huanguliwa, kimelea humwingia konokono, humo huongezeka kwa mamia, kisha hutoka na kujigandisha majanini, ambako ng'ombe mzima huja kula. Mwanadamu naye huambukizwa kwa mboga za majini zisizopikwa na kwa maji ya dimbwi. Mwaka 2015 watafiti walichapisha habari za wagonjwa wa namna hiyo mkoani Arusha.

Wafugaji wengi hununua albendazoli, wakanywesha mara moja, kisha wakashangaa ini kutupwa baadaye. Dawa hiyo huwaua waliokomaa tu; wachanga, ambao hukawia miezi mitatu au zaidi kabla ya kukomaa, husalimika na kuendelea kulitoboa ini. Triklabendazoli huwapata wakubwa kwa wadogo, lakini ng'ombe anyweshwaye leo akarudishwa kesho kwenye bonde lile lile huanza upya kuokota minyoo.