Kreatinini Iliyopanda: Namna ya Kusoma Majibu ya Kipimo cha Figo

Kreatinini ni taka itokanayo na kazi ya misuli, nayo huingia katika damu kila siku kwa kiasi kisichobadilika sana, kisha huchujwa na figo na kutoka pamoja na mkojo. Kwa hiyo, inapojikusanya katika damu kupita kawaida, wataalamu hushuku kwamba vichujio vidogo vya figo, ambavyo hufikia takriban milioni moja katika kila figo, vimepungukiwa na nguvu. Neno muhimu hapa ni kushuku, kwa kuwa maabara haikupima uchujaji wenyewe bali ilipima taka iliyosalia, na taka hiyo hutegemea pia wingi wa misuli ya mtu, chakula alichokula na dawa anazotumia.

Kijana wa Mlandege, mjini Iringa, ambaye kazi yake ni kubeba magunia ya viazi, aweza kuwa na kreatinini ya juu kidogo ilhali figo zake ni nzima kabisa, na bibi kizee aliyekonda aweza kuwa na kiwango kinachoonekana cha kawaida huku figo zake zimekwisha kudhoofika. Ndiyo maana kiwango hicho huingizwa katika kanuni ya hesabu inayozingatia umri na jinsia, ili kukadiria kasi ya uchujaji, yaani mililita za damu zinazosafishwa kwa dakika moja kwa mwili wa ukubwa wa wastani. Kwa kanuni iliyotolewa mwaka 2021, kreatinini ya mikromoli 90 kwa lita humpa mwanamume wa miaka 30 kasi ya takriban 100, ambayo ni nzuri, lakini humpa mwanamke wa miaka 70 kasi iliyo chini kidogo ya 60, yaani chini ya mpaka ambapo uchunguzi zaidi huhitajika.

Hata kanuni hizo hazina budi kusomwa kwa tahadhari, kwa sababu zilitungwa kwa kupima watu wa nchi nyingine. Utafiti uliofanywa Malawi, Afrika Kusini na Uganda, ambao ulichapishwa mwaka 2022, ulilinganisha makadirio ya namna hiyo na upimaji halisi wa uchujaji, na ukabaini kwamba kreatinini huelekea kuonyesha figo kuwa na nguvu kuliko zilivyo. Jambo hili ni zito, kwani lina maana kwamba wapo wagonjwa wanaorudishwa nyumbani na majibu ya kuwatuliza wasiyostahili.

Katika Nyanda za Juu Kusini kuna sababu nyingine ya kulisoma jibu hilo kwa makini. Njombe, Iringa na Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa zaidi ya VVU nchini Tanzania, na watu wengi huko hutumia kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu, zikiwamo tenofoviri na dolutegraviri. Dolutegraviri huzuia sehemu ya kreatinini isitolewe na mirija ya figo, hivyo kiwango chake katika damu hupanda kwa takriban asilimia 10 hadi 15 katika wiki za mwanzo, kisha hutulia, pasipo figo kudhurika hata kidogo. Tenofoviri, kwa upande wake, yaweza kudhuru mirija hiyohiyo kwa watu wachache. Mgonjwa anayeacha dawa kwa hofu ya kupanda kwa namna ya kwanza hujiletea hatari kubwa kuliko ile anayoikimbia, ilhali kupanda kunakoendelea mwezi baada ya mwezi, hasa mkojo unapokuwa na protini, hupaswa kumfikisha kwa daktari ili yeye aamue kama dawa ibadilishwe.

Jibu moja lisilo la kawaida halitoshi kuitwa ugonjwa sugu wa figo. Kuharisha, kutapika, malaria kali, au vidonge vya maumivu kama diklofenaki, ambavyo hununuliwa dukani bila kuuliza, huweza kuishusha kasi ya uchujaji kwa siku chache, nayo hurejea chanzo kikiondolewa mapema. Ugonjwa huitwa sugu pale hitilafu inapodumu kwa zaidi ya miezi 3, na hitilafu hiyo yaweza kuwa kasi iliyo chini ya 60 au protini iitwayo albumini katika mkojo, hata kama kreatinini ni ya kawaida. Kipimo cha mkojo, ambacho ni rahisi na hakihitaji sindano, hupuuzwa isivyo haki: uchunguzi uliofanywa mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta takriban watu wazima 7 kati ya 100 wana ugonjwa sugu wa figo, na wengi wao hawakuwa na habari. Wenye kisukari au shinikizo la damu hupaswa kuomba mkojo wao upimwe kila mwaka.

Potasiamu, chumvi ya damu ambayo nayo hutolewa na figo, haisubiri miezi mitatu. Ikizidi milimoli 6 kwa lita yaweza kuvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo mgonjwa hupaswa kuonwa siku hiyohiyo, ingawa damu iliyokaa muda mrefu njiani, au ambayo chembe zake zilipasuka wakati wa kutolewa, hutoa kiwango cha juu kisicho cha kweli. Njia salama ni kumpima mgonjwa umeme wa moyo wakati sampuli mpya inachukuliwa na kufikishwa maabara bila kukawia.