MAELEZO KWA WAMILIKI WA PIKIPIKI KONGWE ZA SAFARI NDEFU: MATENGENEZO, UKARABATI NA HADHARI ZA KUGEUZA CHOMBO

Wamiliki wa pikipiki za zamani, mafundi wa gereji na wananchi kwa jumla wanakumbushwa kwamba chombo cha moto huzeeka kwa njia mbili. Kwanza, huzeeka kwa kutembea, na uzee huo husomwa katika mita ya kilomita. Pili, huzeeka kwa kukaa, na uzee huu hauna mita ya kuusoma. Wengi huujali ule wa kwanza na kuughafilika huu wa pili. Hata hivyo, breki iliyokwama au tairi lililopasuka njiani haliulizi pikipiki imetembea kilomita ngapi. Kwa sababu hiyo inafaa kila mwenye chombo kikongwe auelewe uzee wa pili, ajue namna ya kuutibu, na ajue pia mipaka ya kukigeuza chombo chake.

Mfano uliochukuliwa katika maelezo haya ni Honda Gold Wing, pikipiki kubwa ya safari ndefu. Umechukuliwa mfano huu kwa kuwa historia yake inafahamika vyema, na kwa kuwa chombo hicho kimoja kinakusanya karibu kila aina ya kifaa: rediyeta ya maji, mikanda ya mpira, shafti, breki za mafuta na umeme mwingi. Mwenye Vespa au pikipiki ndogo hapa visiwani atakuta kwamba yaliyo mengi yanamhusu yeye pia, maana mpira ni mpira na waya ni waya.

HISTORIA KWA UFUPI

Gold Wing ya kwanza, yaani GL1000, ilionyeshwa mjini Cologne, Ujerumani Magharibi, mwaka 1974, ikaanza kuuzwa mwaka 1975. Injini yake ilikuwa na silinda nne zilizolala ubavuni, mbili kila upande, zenye ujazo wa sentimita za ujazo 999, nayo ilipozwa kwa maji. Gurudumu la nyuma liliendeshwa kwa shafti badala ya cheni. Tangi la petroli liliwekwa chini ya kiti ili uzito ukae chini, na pale mahali pa tangi palifichwa vifaa vya umeme na chujio la hewa.

Pikipiki hiyo ilitoka kiwandani bila ya kinga ya upepo wala masanduku ya mizigo. Wasafiri wa Marekani walivifunga wenyewe, na kinga iliyopata sifa kubwa kuliko nyingine ni ile iliyoitwa Windjammer, iliyobuniwa na Craig Vetter. Mwaka 1980 ilipotoka GL1100, kiwanda chenyewe kikatoa toleo lililokuwa na kinga na masanduku tayari. Baadaye ilifuata GL1200 mwaka 1984, kisha GL1500 yenye silinda sita mwaka 1988, ambayo iliendelea kuundwa hadi mwaka 2000. Historia hii inaonyesha kwamba kugeuza chombo si kosa kwa dhati yake. Wenye vyombo ndio waliomtangulia mtengenezaji. Lakini kila kilichoongezwa kiliongeza uzito, upepo na matumizi ya umeme, na hayo yote sharti yabebwe na breki, matairi na mitambo ile ile iliyokuwapo.

UZEE WA KUKAA

Wenyeji wa mwambao wanajua kwamba jahazi likikaa pwani muda mrefu mbao zake hukauka, maungio hufunguka, na siku litakapotiwa majini huvuja hata kama halijasafiri msimu mzima. Hali ya pikipiki ni kama hiyo. Mpira hukauka na kupasuka. Petroli iliyoachwa ndani ya kabureta huganda kama gundi na kuziba vitundu vyembamba. Ndani ya tangi lililo nusu tupu unyevu hutua juu ya chuma na kutu ikaanza. Katika visiwa, ambamo hewa ina chumvi, mambo haya huharakishwa, khasa katika viungo vya waya, tundu za plagi na pistoni za breki.

Hivyo basi, anayenunua pikipiki ya miaka 30 au 40 kwa kuvutiwa na mita yake ndogo asidhani amepata chombo kipya. Pengine amepata chombo kilichosimama miaka mingi, ambacho matengenezo yake ni makubwa kuliko ya kile kilichotembea na kuhudumiwa kila mwaka.

MPANGILIO WA KAZI

Kwa kuwa si kila mtu ana uwezo wa kufanya yote kwa mara moja, inashauriwa fedha zitumike kwa utaratibu ufuatao. Kinachosimamisha chombo kitangulie, kifuate kinachokiongoza, kisha kinachokiendesha, na mapambo yawe ya mwisho.

1. Breki. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya maji kutoka hewani. Kwa kipimo cha DOT 4, mafuta mapya hayaruhusiwi kuchemka kabla ya nyuzijoto 230 za Sentigredi. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango cha chini kinachokubaliwa hushuka hadi nyuzijoto 155. Pikipiki nzito inapoteremka mlima ikiwa na abiria na mizigo, breki hupata moto mkali. Mafuta yaliyolowa huchemka, hutoa mvuke, na mkono wa breki ukaingia ndani bila ya chombo kusimama. Yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, hata kama pikipiki haikutembea. Mafuta ya aina ya DOT 5, ambayo ni ya silikoni, yasichanganywe kabisa na ya DOT 3 au DOT 4.

Paipu za mpira za breki nazo zikaguliwe kwa makini. Paipu kongwe huweza kuvimba kwa ndani, ikaruhusu mafuta kwenda na kuyazuia kurudi. Dalili yake ni gurudumu kubaki limeshikwa na kupata moto baada ya breki kuachiwa. Aidha, pedi za zamani, na khasa zile za miaka ya 1970, huweza kuwa na asbesto. Fundi asipulize vumbi lake kwa upepo wa pampu. Alifute kwa kitambaa kilicholowa, naye afunike pua na mdomo.

2. Matairi. Ubavuni mwa tairi imeandikwa tarehe ya kuundwa kwake. Tangu mwaka 2000 tarehe hiyo huwa na tarakimu nne: mbili za wiki na mbili za mwaka. Kwa mfano, 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye tarakimu tatu tu liliundwa kabla ya mwaka 2000, na halifai tena kwa safari hata likiwa na meno kamili. Tairi lililofikia miaka mitano likaguliwe kila mwaka, na lisipitishe miaka kumi.

3. Usukani na beringi. Pikipiki isimamishwe kwa stendi ya kati, gurudumu la mbele linyanyuliwe, kisha usukani ugeuzwe polepole kulia na kushoto. Ukikwama katikati kama ulioingia katika kijishimo, beringi za shingo zimekwisha. Magurudumu na mkono wa nyuma navyo visukumwe ubavuni ili kuona kama vinacheza. Sili za shokapu za mbele zinazovuja zibadilishwe bila ya kuchelewa, kwani mafuta yake hudondokea diski za breki.

4. Mikanda ya taimingi. Gold Wing za tangu GL1000 hadi GL1500 zina mikanda miwili ya mpira mbele ya injini, nayo ndiyo inayozungusha mihimili inayofungua vali. Mkanda ukikatika katika matoleo ya silinda nne, vali hugonga pistoni na injini ikaharibika papo hapo. Bei ya mikanda miwili ni ndogo mno ukiilinganisha na bei ya kufungua vichwa vya injini. Kwa hiyo, mwenye kununua pikipiki ya aina hii bila ya hati ya matengenezo asiiwashe kwa safari yoyote kabla ya kubadilisha mikanda. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

5. Maji ya kupozea. Rediyeta isitiwe maji ya kisima, khasa yale ya maeneo ya pwani yenye chumvi, kwani injini ni ya alumini na chumvi huila. Yatumike maji yaliyotoneshwa, yaani yasiyo na madini, pamoja na dawa ya rediyeta inayozuia kutu, kwa kiasi cha nusu kwa nusu, na yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Chini ya pampu ya maji pana kitundu kidogo kilichowekwa kwa makusudi. Kikianza kutoa matone, ni ishara kwamba sili ya pampu imechakaa. Kisizibwe kwa gundi, maana kukiziba ni kumnyamazisha shahidi.

6. Kabureta na shafti. GL1000 ina kabureta nne zilizounganishwa. Haitoshi kusafisha moja inayosumbua. Zote nne zisafishwe, zitiwe gasketi mpya, kisha zisawazishwe kwa geji ya mvuto wa hewa ili silinda zote zivute sawa. Chombo kinachotarajiwa kukaa muda mrefu kitolewe petroli katika kabureta, na tangi lijazwe. Kwa upande wa nyuma, mafuta ya gia ya shafti yabadilishwe, na meno ya muungano wa shafti yapakwe grisi yenye molibdenamu kila gurudumu linapotolewa. Meno hayo yakikosa grisi husagika kimya kimya hadi gurudumu likakosa kushikwa.

UMEME

Katika GL1000, GL1100 na GL1200, koili zinazozalisha umeme zimewekwa nyuma ndani ya injini. Zikiungua, hakuna njia ila kuishusha injini nzima. Katika GL1500 kifaa hicho kimewekwa nje na hubadilishwa kwa wepesi zaidi. Mara nyingi kinachoziunguza koili ni kiungo kilicholegea au kilichoingia kutu, ambacho hupata moto hadi plastiki yake ikayeyuka. Viungo hivyo vifunguliwe, visafishwe na vikazwe kila mwaka.

Kipimo cha afya ya umeme ni rahisi. Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi. Injini ikizungushwa kwa kasi ya wastani, kipimo kipande hadi kati ya volti 13.5 na 14.5. Kisipopanda, chaji haiingii. Kikizidi sana 15, rektifaya haidhibiti, na betri itachemka.

KUGEUZA CHOMBO

Anayekusudia kuongeza kitu katika pikipiki kongwe ajiulize kwanza: je, kitu hiki kinabebwa na nini? GL1000 huzalisha wati 300 hivi injini ikiwa katika mwendo wa safari. Mwenye kuongeza taa mbili za wati 55 amechukua wati 110, yaani zaidi ya theluthi moja ya umeme wote, kabla ya kuwasha taa kuu. Afadhali afunge taa za LED, ambazo hula umeme kidogo, na kila waya mpya uwe na fyuzi yake.

Baadhi ya mageuzi huongeza usalama. Hayo ni kama paipu za breki zilizosukwa kwa nyuzi za chuma, springi imara zaidi za shokapu, na matairi mapya ya kipimo kile kile cha kiwanda. Mengine yanahitaji hadhari kubwa. Wako wanaofunga tairi la gari katika gurudumu la nyuma kwa kuwa hudumu zaidi. Ieleweke kwamba tairi la pikipiki limeundwa mviringo ili lishike barabara chombo kinapolala katika kona. Tairi la gari lina uso bapa na halikukusudiwa kazi hiyo. Kufunga kiti cha pembeni au kuvuta tela nako hubadilisha usukani na urefu wa mwendo wa kusimama, na hakufai kufanywa kwa kukisia.

Uzito wa abiria na mizigo usizidi ule ulioandikwa katika kitabu cha chombo, na upepo wa matairi ulingane na uzito huo. Masanduku yajazwe vitu vizito chini na mbele, na pande mbili zilingane. Aidha, kabla ya kubadilisha injini, fremu au rangi, mmiliki aulize katika ofisi ya leseni ili chombo na kadi yake visije vikatofautiana.

DAFTARI LA CHOMBO

Mwisho, kila mmiliki anashauriwa kuweka daftari moja dogo pamoja na kadi ya pikipiki. Mbele ya kila kazi iandikwe tarehe pamoja na kilomita: mafuta ya breki, matairi, mikanda, maji ya rediyeta, betri. Kwa njia hiyo ule uzee usio na mita utakuwa umepata mita yake. Fundi ataanza kazi kwa kusoma na si kwa kubahatisha, mnunuzi atajua anachokinunua, na abiria anayepanda nyuma, ambaye mara nyingi ni mke, mume au mtoto wa mwenye chombo, atakuwa amepandishwa kwa amana.

Wamiliki ambao vyombo vyao vimekaa bila ya kutumika kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi wanaombwa wasiviingize barabarani mpaka breki, matairi na usukani vimekaguliwa na fundi mwenye ujuzi.