Maziwa ya Kibuyu, Kiingereza cha Paketi

Mwambie Msukuma atamke "daily", "dairy" na "diary", na huenda ukasikia neno moja mara tatu. Ulimi uliokulia Kishapu, kama huu wangu, hupenda kuweka "l" mahali pa "r" hata kwenye Kiswahili, sembuse Kiingereza. Katika darasa la jioni ninalofundisha hapa Katoro, mkoani Geita, hapo hatupiti haraka. "Daily" ni ya kila siku. "Diary" ni daftari la kumbukumbu. "Dairy" ni maziwa na vyote vitokanavyo na maziwa, na ndilo wanalolifuata wengi wa wanafunzi wangu. Ni wapishi na mama lishe wanaotafuta kazi kwa wakandarasi wanaolisha wafanyakazi wa migodini, na kule orodha ya vyakula huandikwa kwa Kiingereza kitupu.

Vitabu vya shule haviwafai sana. Vinafundisha "milk" na "cow", kisha vinahamia kwa tembo. Kwa hiyo nawaambia waje na paketi na makopo matupu kutoka nyumbani. Meza hujaa maboksi ya maziwa ya Iringa na Tanga, vikopo vya yogati, na makopo ya ule unga mweupe wa kutia kwenye chai, ambao una kesi yake hapo mbele.

Somo naanzia kwenye kibuyu, kwa sababu karibu kila aliyekaa mbele yangu amemwona bibi yake akikisukasuka. Kilichojikusanya juu ni siagi, yaani "butter". Siagi ikichemshwa maji yakaisha ni samli, na Waingereza huiita "ghee", jina walilolichukua India. Majimaji yenye uchachu yaliyobaki kibuyuni, tuliyokuwa tukinywea michembe ya viazi vitamu, ni "buttermilk". Maziwa yakilala usiku bila kuguswa hupanda malai, "cream". Ukiyaengua malai, yanayobaki chini ni "skimmed milk". Basi paketi ikiandikwa "full cream" ina maana malai hayakuenguliwa. Ukisoma jedwali pembeni utakuta gramu tatu na nusu hivi za mafuta kwa kila mililita 100. Ng'ombe wetu wa asili, zebu mwenye nundu, hutoa maziwa machache, lakini mafuta yake hufika karibu asilimia tano. Wanafunzi hucheka sana wakigundua kwamba yale maziwa mazito ya mjini ni mepesi kuliko ya kwa bibi.

Kwenye yogati kuna mtego. Kikopo kimeandikwa "live cultures", na kamusi inasema "culture" ni utamaduni. Mama lishe mmoja aliniuliza, "Madam, utamaduni ulio hai unaingiaje kwenye kikopo?" Hapo "cultures" ni vijidudu vyema vinavyogandisha maziwa, ndugu wa vile vilivyokuwa vikiishi ndani ya kibuyu bila kutangazwa. Vijidudu hivyo hula sehemu ya sukari ya maziwa, "lactose". Ndiyo maana mtu mzima anayeunguruma tumbo kwa maziwa mabichi au ya moto mara nyingi hunywa mgando bila shida.

Mpishi wa mgodini asipoelewa hapo anaweza kuua mtu. Mgeni akisema ana "lactose intolerance", tumbo lake halimudu kuisaga ile sukari: atajaa gesi, ataharisha, yatapita. Akisema ana "milk allergy", ni mwili unaopigana na protini ya maziwa, na koo linaweza kuvimba hadi pumzi ikakatika. Maziwa yaliyoandikwa "lactose-free" sukari hiyo imevunjwa au kuondolewa tu, protini iko palepale, kwa hiyo huyu wa pili usimpe hata kijiko. Zoezi hili tunalirudia mpaka wanachoka.

Sasa ule unga mweupe. Kopo limeandikwa "non-dairy creamer", na kuna mama wanaoukoroga kwenye uji wa mtoto wakiamini ni maziwa ya unga. Hilo "non" dogo mbele ndilo lenye habari kubwa: si maziwa. Geuza kopo usome "ingredients". Viungo hupangwa kwa uzito, kinachotangulia ndicho kingi kuliko vyote, na hapo mara nyingi utakuta sharubati ya glukosi, kisha mafuta ya mimea. Hakuna ubaya kwa chai ya mtu mzima. Kumlishia mtoto anayekua ni kumnyima chakula huku unaamini umemshibisha, na mimi siwalaumu akina mama hao kama ninavyowalaumu wanaochora picha ya kikombe cha maziwa kwenye kopo.

"Pasteurised" hutupa kazi ndogo. Jina limetoka kwa Mfaransa Louis Pasteur: maziwa hupashwa hadi nyuzi 72 za Selsiasi kwa sekunde 15, kisha hupozwa haraka. Yenye alama ya "UHT" hupashwa zaidi ya nyuzi 135 kwa sekunde chache, ndiyo maana boksi hukaa dukani miezi bila friji. "Raw" ni mabichi. Wafugaji wetu huyapenda hivyo, lakini hayo yanaweza kuleta brusela, homa inayokwenda na kurudi ambayo wengi huimezea dawa za malaria bila kupona. Yachemshe.

Kijana mmoja darasani anafanya kazi kwenye karasha, kule mawe yanakosagwa kabla ya kwenda kwenye mialo ya kuoshea dhahabu. Alikuja akitaka kujua Kiingereza cha "maziwa yanaondoa sumu". Imani hiyo utaikuta kwa wapaka rangi, kwa wabeba saruji, na kwa wachimbaji wadogo kuanzia Nyarugusu hadi Rwamgasa: toka kazini, kunywa nusu lita, vumbi limeoshwa. Nilimchorea ubaoni njia mbili zinazoachana kooni. Maziwa hushuka "oesophagus", yaani umio, hadi tumboni. Vumbi la mawe na mvuke wa zebaki inayochomwa hushuka "trachea", njia ya hewa, hadi kwenye mapafu, na huko maziwa hayafiki kabisa. Vumbi lenye silika hukwangua mapafu taratibu hadi yapate makovu, ugonjwa uitwao "silicosis", na makovu hayo hayafutiki. Kinga ni kulowanisha mawe yasitoe vumbi na kuvaa barakoa inayobana uso, "respirator", si kitambaa cha kujifunga puani.

Alikaa kimya, kisha akasema bosi wake huwapa maziwa kila Jumamosi na huhesabu kwamba suala la afya limekwisha. Akaomba tumtungie sentensi ya kumwambia mgeni anayenunua mchanga wao. Darasa likapendekeza "We need respirators, not milk." Mpishi mmoja kutoka Kahama akakataa katakata: maziwa ni protini na kalisi, watu wanapiga nyundo kutwa nzima, kwa nini wanyimwe? Wakabishana hadi umeme ukakatika. Sentensi iliyobaki ubaoni, baada ya "not" kufutwa, ni "We need respirators and milk."